Nani Aliichagua Sufuria Hii

Kitomanga, Lindi
9 Februari 1974

Mdogo wangu Huseni,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute huko Kilwa Masoko ukiwa na afya na kazi yako haijakumaliza. Sisi hapa wazima. Shemeji yako Bakary anakusalimu kutoka juu ya paa, anaezeka tangu asubuhi. Watoto wanakohoa lakini wanakula. Mama anasema marahaba, ingawa shikamoo yako haijafika.

Sasa nikueleze. Tumehamia kijijini, tuko mstari wa tatu, mlango unatazama mlango. Lori la Operesheni Vijiji lilitufuata kule mikoroshoni na vijana wakapakia vyombo kama wanapakia kuni. Vyungu vyote vya Mama vimevunjika. Vyote, Huseni: cha mbaazi, cha wali, kile kipana cha samaki, hata kidogo cha dawa. Tuliposhushwa alifungua kanga aliyovifungia, akatazama vigae, akaifunga tena.

Tangu siku hiyo hali chakula cha kupikwa. Nampikia kwa sufuria yangu ya alumini, anaonja, anatema. "Kinanuka bati." Nikitia ukwaju, mchuzi unageuka rangi ya maji ya kufulia, hapo hata mimi simlaumu. Yeye anafukia muhogo kwenye majivu, anakula na chumvi. Asubuhi muhogo, jioni muhogo. Mikono imekonda mpaka bangili zinapanda kiwikoni.

Vyungu vingine havipatikani. Wale akina mama wa upande wa Milola waliokuwa wakifinyanga nao wamehamishwa, na udongo wao umebaki porini. Nimefikiri enameli ndiyo itamfaa, maana haigeuzi ladha. Wewe uko makao makuu ya wilaya, huko maduka yanapata vitu. Tafuta sufuria ya enameli, nzito, yenye mfuniko na vishikio viwili, ya kutosha watu sita. Mpe kondakta wa basi la Lindi ataishusha hapa barabarani.

Afadhali zaidi uje nayo mwenyewe. Mama hajakuona tangu Idi ya mwaka juzi.

Dada yako,
Mastura


Kilwa Masoko
2 Machi 1974

Dada Mastura, shikamoo. Na Mama pia, shikamoo yake naiweka hapa mbele ili isipotee tena.

Huku mimi mzima, namshukuru Mungu. Habari nyingine sina. Ni kazi tu, leo tuko Kilwa Kivinje, kesho tuko vijijini, naandika majina ya watu mpaka vidole vinauma. Poleni na kuhama. Mambo yatakaa sawa, maji yatakuja, tumeshaahidiwa.

Sufuria nimeipata. Nilizunguka maduka yote, wengi hawana kitu, rafu tupu. Mwenye duka mmoja alikuwa na enameli moja tu nyuma ya magunia. Ni nyeupe kabisa, nzito kama ulivyotaka, na ina mfuniko unaokaa vizuri. Kishikio ni kimoja tu ubavuni, lakini mimi naona ni bora zaidi, mtu anaibeba kama kikombe. Ukingo wake ni mpana, mchuzi hautamwagika.

Kuja siwezi kwa sasa. Nikipata nafasi nitakuja.

Mdogo wako,
Huseni


Kitomanga
20 Machi 1974

Huseni,

Salamu utazipata mwishoni, kama nitakuwa nimepoa.

Mzigo wako ulifika. Niliufungua mbele ya Mama na majirani wawili waliokuja kuona kitu cha kutoka mjini. Kweli ilikuwa nyeupe, inang'aa. Mama aliigeuza, akaigonga, akasema, "Hii haina harufu." Huseni, nilitaka kulia kwa furaha. Akaosha mchele mwenyewe. Mara ya kwanza tangu lori.

Maji hayajachemka, akapita Klementi, yule kijana wa zahanati. Alisimama mlangoni, akatazama mafigani, akanitazama mimi.

"Dada Mastura, hicho mmekitoa wapi?"

"Mdogo wangu katuletea kutoka Kilwa."

"Mmekipikia mara ngapi?"

"Ndiyo kwanza. Kwa nini?"

Akaniita pembeni kwa adabu, lakini Mama ana masikio. Huseni, umemtumia mama yako poti. Poti la wodini, la mgonjwa asiyeweza kwenda chooni. Ukingo mpana uliousifia ni wa kukalia!

Mama aliutoa mchele motoni akaumwagia kuku. Aliingia ndani, akajifunika. Jirani mmoja hakuweza kujizuia, alicheka mpaka akashika ukuta, na sasa mstari mzima unajua. Watoto wanapita wakiuliza kama chakula kiko tayari.

Tumerudi kwenye muhogo wa majivuni. Usiniambie maji yatakuja. Maji ni mwendo wa kutoka alfajiri hadi jua kali, na mimi ndiye ninayeyabeba.

Wasalaam. Shemeji yako anakusalimu, yeye naye alicheka.

Mastura


Kilwa Masoko
11 Mei 1974

Dada yangu, shikamoo.

Barua yako nimeipata juzi. Mvua imekata barabara, Mbwemkuru umefurika na mabasi yamelala ng'ambo zote mbili, kwa hiyo usidhani nilikaa kimya kwa makusudi.

Nisamehe kwa lile jambo. Lakini na wewe nihurumie kidogo. Nani angejua? Halikuandikwa popote. Lilikuwa jipya kabisa, halijatumika, kwa hiyo ukilitazama kwa haki halina ubaya wowote, ni chombo kama chombo kingine. Mwenye duka naye aliniuzia kama sufuria. Nilirudi kumgombeza akasema yeye huuza enameli, hauzi ushauri.

Sasa nimepata nyingine, na hii ni sufuria kweli, niliuliza watu watatu. Ya bluu nje, ndani nyeupe, ina maua mekundu ubavuni, vishikio viwili. Ndiyo iliyokuwa nzuri kupita zote. Nyepesi pia, Mama hatachoka kuinyanyua. Itakuja na basi la kwanza litakalovuka.

Mwambie Mama ale. Tafadhali.

Huseni


Kitomanga
3 Juni 1974

Mdogo wangu,

Wa alaykum salaam, marahaba. Sisi wazima. Mtama wa Bakary umeliwa na nguruwe pori, mstari wa kwanza wamepata mtoto wa kike, mwalimu wa madrasa amehamia nyumba ya jirani na anakohoa kuliko watoto wangu.

Sufuria yako ya maua imekaa siku chache tu. Nikueleze ilivyokufa, labda utajifunza kitu. Ilikuwa nyepesi kama sahani. Chuma chake ni karatasi. Niliiteleka na mbaazi, moto wa kawaida wa kuni, na kabla mbaazi hazijalainika chini kumeungua na juu bado mbichi. Nikaikwangua, ikachubuka. Siku ya pili nilipika tena, Mama akakubali kuonja kwa sababu nilimsihi mpaka nikapiga magoti. Akatafuna, akaacha kutafuna, akatoa mdomoni kitu cheupe kama ganda la yai. Ni enameli. Enameli imebanduka imeingia kwenye mbaazi, na jino lake moja kati ya yale machache aliyobakiwa nayo limekatika pembe.

Alikishika kipande cha jino kiganjani akaniambia, "Mwandikie mwanangu. Mwambie meno yananitosha kwa muhogo, asinisumbue tena."

Nimemwandikia mwanawe. Haya.

Lakini mimi dada yako nakuambia jambo jingine. Siku hizi akisimama anashika ukuta kwanza. Klementi amemwona, anasema hana ugonjwa, ni kula. Jana nilimkuta ameketi na ile kanga ya vigae mapajani. Huseni, acha maua. Tafuta sufuria, au njoo umlishe mwenyewe kwa mkono wako.

Mastura


Kilwa Masoko
30 Juni 1974

Dada, shikamoo. Nimeumia sana kusoma habari za Mama.

Nakuletea sufuria ya tatu. Rangi yake ni kahawia, haina ua hata moja, utasema ni mbaya. Usijali. Iligongwa kwa kifundo cha kidole, ikalia kwa sauti ya chini, ndiyo dalili ya chuma kinene. Iliinuliwa juani ikatazamwa ndani kama ina vitundu, haina. Ilipitishwa kidole ukingoni kote, maana ukingoni ndiko enameli huwa nyembamba na ndiko huanza kuchubuka. Mfuniko ulijaribiwa.

Matumizi yake ni haya, tafadhali yafuate. Isikae motoni ikiwa tupu, hata kidogo, hata ya kukaushia maji. Ikitoka motoni isimwagiwe maji baridi, iachwe ipoe, la sivyo itapata nyufa. Moto uwe wa kuni mbili tu zikishachemsha. Chuma kinene hushika joto, kwa hiyo vuta kuni mapema kuliko ulivyozoea kwa alumini. Ugali usisongwe humo kabisa, mwiko wa ugali utaibandua. Ugali ubaki kwenye alumini yako. Humu mpike mbaazi, kunde, kisamvu, mchuzi wa samaki wenye ukwaju au limau, chai. Kitu kichachu hakitageuka rangi.

Ikiungua isikwanguliwe wala isisuguliwe kwa mchanga. Tia maji na majivu kidogo, chemsha, iache mpaka asubuhi, ukoko utatoka wenyewe. Na kabla ya kuteleka, nje ipakwe udongo laini uliochanganywa na majivu. Masizi yatashika udongo, ukiosha yanaondoka nao.

Natumaini hii itamfaa Mama. Mimi bado nina kazi nyingi.

Huseni


Kitomanga
25 Julai 1974

Mdogo wangu Huseni,

Salaam. Wote wazima, na safari hii neno hilo lina maana.

Mama amekula. Nilipaka udongo nje kama ulivyosema, nikavuta kuni mapema, nikaziacha mbaazi zichemke taratibu asubuhi nzima, tui zito nikalitia mwishoni. Nilimwekea bila kumsihi, nikatoka nje nikajifanya napeta mtama uliosalia. Niliporudi bakuli lilikuwa tupu na amelala usingizi wa mchana. Siku ya pili aliniondoa mafigani akapika mwenyewe. Siku hizi anapika kisamvu, anapika ming'oko akiipata ya kuchimba porini, na mchuzi wa ukwaju unatoka na rangi yake. Majirani wanakuja kuazima sufuria, anawafukuza. Ameanza hata kugombana na mwalimu wa madrasa. Ndiye Mama tunayemjua.

Haya. Sasa nijibu mimi.

Uliandika "iligongwa". Uliandika "iliinuliwa", "ilipitishwa kidole", "mfuniko ulijaribiwa". Iligongwa na nani? Mtu ambaye Machi hakujua tofauti ya sufuria na poti, Mei alinunua maua, leo anajua enameli huanza kuchubukia wapi? Wewe tangu utotoni hujawahi kuteleka hata maji. Nani aliichagua sufuria hii?

Si mimi peke yangu ninayeuliza. Niliposoma barua yako kwa sauti Mama alikuwa anasikiliza amefumba macho. Nilipofika kwenye kuvuta kuni mapema, akafumbua. "Aliyeichagua hii anapika," akasema. Kisha, "Soma tena hapo pa udongo." Nikasoma. Akasema, "Huyo si mwanaume."

Nangoja jibu.

Mastura


Kilwa Masoko
14 Septemba 1974

Dada Mastura, shikamoo.

Nimefurahi sana kwamba Mama anakula. Mpe salamu nyingi. Huku hali ya hewa ni nzuri. Unga wa dona umeadimika, tunakula ule wa njano uliotoka nje, watu wanaulalamikia lakini unashibisha. Je, korosho za mwaka huu mtazifuata kule mashamba ya zamani au mtaziacha? Nasikia wengine wanaziacha.

Mwezi mtukufu unaingia, nawatakia saumu njema. Nilikusudia kuja kwa ajili ya Idi lakini kuna semina, na aliyepangwa kwenda badala yangu anaumwa. Nikipata nafasi baada ya hapo nitakuja.

Kuhusu sufuria, nashukuru imefaa.

Huseni


Kitomanga
22 Oktoba 1974

Huseni,

Idi imepita. Kaa chini usome, maana nimeandika kwa hasira na mwandiko wangu unauona.

Siku moja kabla ya Idi, jua likiwa juu, basi lilisimama barabarani akashuka mwanamke. Mimi nilikuwa natoka majini. Nilimwona anaulizia nyumba, anakuja na mstari wetu polepole, kikapu mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kiuno. Nikasema huyu mjamzito anatafuta zahanati. Kumbe anaingia kwetu.

Mama alikuwa mlangoni anachambua mchele wa sikukuu.

"Hodi, Mama."

"Karibu. Unamtafuta nani?"

"Nakutafuta wewe, kama ndiwe mama yake Huseni Likwata. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe nani wake?"

"Mimi mkewe."

Niliitua ndoo nikaimwagia miguu yangu yote. Maji yale ya tangu alfajiri. Mama hakuinua macho, aliendelea kuchambua, akatupa jiwe moja, akatupa la pili.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, mwezi wa tano."

"Ndoa imefungwa wapi?"

"Bomani, Mama."

"Unaitwa nani?"

"Skolastika. Nyumbani ni Ndanda. Nafundisha maarifa ya nyumbani pale shuleni." Akaongeza bila kuulizwa, "Sifungi, Mama. Sitaki nikudanganye kwa hilo, mmeshadanganywa vya kutosha."

Hapo Mama akaweka ungo chini.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Semina. Tangu mwezi wa tatu namwambia twende kwa Mama, ananijibu wiki ijayo. Mimi nachagua sufuria, yeye anaandika. Mimi namweleza namna ya kupika, yeye anaandika. Ananificha kwenye barua kama mzigo wa magendo. Nimechoka kusema kwa mdomo wake. Leo nimepanda basi."

"Kwa hiyo ile ya kahawia ni wewe."

"Ni mimi."

"Na poti?"

"Poti ni lake mwenyewe! Niliporudi kutoka shuleni akanieleza kwa furaha amemtumia mama yake sufuria ya kishikio kimoja. Nikamwuliza, ina ukingo mpana? Akasema ndiyo, mpana sana, mzuri."

Huseni, Mama alicheka. Sijamsikia akicheka tangu lori. Alicheka akishika mbavu, na yule msichana naye akacheka mpaka nikamletea kigoda, nikihofia atazalia mlangoni.

Usifurahi mapema. Kicheko kilipokwisha Mama aliingia ndani na hakutoka mpaka kufuturu. Siku ya Idi Skolastika aliinuka kutaka kupika, Mama akamwambia, "Nyumbani kwangu mgeni hapiki sikukuu." Akakaa. Akapewa pilau ya kwanza, nyama nzuri, lakini akapewa kama mgeni. Nilimwona anakula machozi yanamlengalenga.

Kesho yake nilikwenda na Mama kutafuta kuni. Nikamwambia, "Mama, kosa la Huseni usimlipize huyu. Kama ni dini..."

Akanikatiza. "Nani amesema dini? Dini nitazungumza na Mungu na mwanangu. Mimi nimekuwa mama mkwe mwaka mzima na hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nakula muhogo wa majivuni nikijiona mjane asiye na mtu, kumbe kuna mtu ananigongea sufuria madukani."

Alibeba kuni zake akatangulia. Tulipofika nyumbani alimkuta Skolastika anapaka sufuria udongo. Alisimama juu yake akaitazama ile kazi. "Mzito mno. Utakauka uanguke kwenye moto." "Kwetu tunapaka hivi, Mama." "Kwenu mna udongo gani?" Wakaanza. Wamebishana juu ya udongo, wakabishana juu ya majivu ya mkorosho na majivu ya mti mwingine, wakabishana kama kunde zitiwe chumvi mwanzo au mwisho. Chakula kilichelewa, tulikula jua limekwisha kuzama, na hakuna aliyeshinda. Mimi nilikuwa nalia chinichini kwa shukrani, na kwa njaa.

Sasa sikiliza. Klementi amempima. Miezi saba imepita, miguu imevimba, anasema hapandi basi kwa barabara ile. Kwa hiyo mkeo yuko hapa. Wewe ulijua ana mimba na hukuniandikia hata hilo. Mimi, niliyekubeba mgongoni.

Sina salamu.

Mastura


Kilwa Masoko
28 Oktoba 1974

Dada, shikamoo.

Nimerudi kutoka semina nimekuta mlango umefungwa na ufunguo kwa jirani. Nimekaa kwa wasiwasi mpaka barua yako ilipofika. Hivi ndivyo watu wanavyofanya? Mtu anasafiri bila ruhusa, na hali yake ile! Shule inamuuliza, mwalimu mkuu amekuja mara mbili. Mimi nakula ugali wa njano kwa chumvi kwa sababu sijui kuwasha moto wa haya mafiga yake.

Nilikuwa na mpango wangu wa kumweleza Mama taratibu, kwa wakati wake. Mmeuharibu. Nawaomba mmpandishe gari lolote la serikali litakalopita, magari hayo hayatikisiki sana. Nitawaandikia madereva.

Huseni


Kitomanga
6 Novemba 1974

Mdogo wangu,

Marahaba.

Hatumpandishi gari lolote. Nimemsomea mkeo barua yako, amesema harudi mpaka afuatwe na mumewe. Nimemsomea Mama, amesema mkwewe haondoki mpaka afuatwe na mumewe. Ni jambo la kwanza ambalo wamekubaliana tangu wajuane, kwa hiyo usitegemee nitaliharibu.

Mwalimu mkuu wao ameandikiwa na Skolastika mwenyewe, barua imekwenda na basi la jana. Usijisumbue na madereva.

Mama anaongeza neno, naliandika kama alivyolisema: "Asitume sufuria. Asitume barua. Atume miguu yake."

Mastura


Kilwa Masoko
1 Desemba 1974

Dada yangu Mastura, shikamoo.

Nimerudi Kilwa salama kutoka kwenu. Basi liliharibika Nangurukuru, tukalala hapo mimi na kuku wa watu, lakini nimefika. Mwalimu mkuu ametoa likizo ya uzazi, kwa hiyo Skolastika abaki kwenu mpaka mtoto apate nguvu, na mimi nitarudi mwezi ukiandama. Nitarudi kweli. Nimeshaomba ruhusa kwa maandishi ili nisipate pa kukimbilia.

Ulikuwa umekwenda majini nilipoondoka, kwa hiyo hujui mambo ya mwisho, nami naona ni haki yako kuyajua, maana ndiwe uliyeyabeba mwaka mzima pamoja na hiyo ndoo.

Unakumbuka Mama hakusema nami siku mbili za mwanzo. Kila kitu alipitisha kwa Skolastika. "Mwambie mume wako achimbe choo." "Mwulize mume wako kama ameshiba." Na mimi niko mbele yake nimekaa. Nilichimba choo, malengelenge bado ninayo. Siku ya tatu nilimfuata kule mikoroshoni alikokwenda kuokota. Nilitaka kumwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Kilwa. Nilipofungua mdomo akanipa kikapu, akasema, "Okota kwanza." Nikaokota mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na maneno yote niliyoyapanga yakanitoka. Nikabaki na moja. Nikasema, "Mama, niliogopa."

Akasema, "Uliniogopa mimi?"

Nikasema ndiyo.

"Na huyu msichana hakuniogopa."

"Aliogopa pia, Mama. Alikuja tu."

Akaendelea kuokota, nami nikaendelea. Tukarudi, na kikapu kizito alinipa mimi, na njiani aliniita jina langu kuniambia nitazame kisiki. Nilifurahi kuitwa.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza mpaka barabarani. Tulingoja basi kwa muda. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, "Mtoto mtamwitaje?"

Nikamwambia ukweli, nimechoka na kuficha. Nikamwambia hatujaafikiana, lakini mama yake Skolastika kule Ndanda anataka akiwa wa kike aitwe Theresia.

Nilingoja anifokee. Basi lilikuwa limeshaonekana na vumbi lake.

"Ni jina la nani kwao?"

"La bibi yake Skolastika. Ndiye aliyemlea."

Alifikiri mpaka basi likafika na kondakta akaanza kupiga bati aniharakishe.

"Basi Ndanda wamwite hilo," akasema. "Hapa nitamwita ninavyotaka mimi, na ataitika. Panda, watu wanakungoja."

Nikapanda. Nilipotazama nyuma alikuwa ameshageuka, anakwenda haraka kuelekea nyumbani, na nilimsikia kutoka mbali anamgombeza Skolastika aache kuinua vitu vizito.

Mdogo wako,
Huseni